Jenereta ya Mtu Mmoja

Transfoma ya mtaa wetu ililipuka siku ya Ijumaa mchana, na kufikia Jumapili nilijua samaki wangu hawaponi tena. Nilifungua friza, nikafunga haraka, nikafungua tena kama mtu anayetegemea kwamba mara ya pili ataona jambo jingine. Maji mekundu yalikuwa yametuama chini. Sato niliowaparua na kuwakata mwenyewe, nikawafunga kwenye mifuko kwa mikono yangu, walikuwa wamelegea kama matambara.

Niliwatoa kwa ndoo hadi kwenye pipa la taka nyuma ya fleti. Njia ya kwenda pipani inapita chini ya madirisha ya watu wote, na harufu ile haikufichika kwa mtu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mwanamke mmoja alifunga dirisha lake taratibu, kwa heshima, nami nikamshukuru moyoni kwa kutolibamiza.

Ninaishi Bugolobi, ghorofa ya chini, upande unaotazama viwanda. Kabla ya kustaafu nilifundisha Kiswahili kwa vijana wanaoingia polisi. Mwenyewe nilizaliwa kwenye kambi ya polisi, baba mtu wa kaskazini na Mkristo, mama Mnubi na Mwislamu, na kwa kuwa hakuna aliyeijua vizuri lugha ya mwenzake, nyumba yetu ilizungumza Kiswahili. Nikaolewa na mwanajeshi, na naye vilevile hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja. Tulipendana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, tukamlea mtoto wetu mmoja kwa Kiswahili. Mume wangu alifariki kwa maradhi ya figo. Mtoto yuko Dubai, analinda jengo refu, na akinitumia ujumbe wa sauti siku hizi anazungumza Kiingereza. Simlaumu. Mtu huzungumza lugha ya mahali anapopatia riziki.

Baada ya mazishi nilianza kuuza samaki. Asubuhi nakwenda Ggaba, ufukweni wanakoshusha samaki, nachagua wazuri kabla wachuuzi wakubwa hawajafika, nawarudisha nyumbani, nawasafisha na kuwagandisha. Wateja wangu ni watu wa maofisini Nakawa, wanaorudi wamechoka na hawataki kushika magamba. Si biashara ya kutajirisha mtu, lakini mtu anayeuza samaki hugongewa mlango. Hilo halikuwa jambo dogo kwangu.

Kwa hiyo nilipomaliza kuosha friza kwa sabuni na ndimu, niliamua kununua jenereta. Mteja mmoja aliniambia nitafute sola na betri. Nilikwenda kuulizia, nikaambiwa friza kama yangu inahitaji mtambo ambao paa la fleti si langu kuuwekea. Ikabaki jenereta ya petroli.

Mume wangu ndiye aliyekuwa mtu wa mashine. Alikuwa akiisikiliza injini kwa kuinamisha kichwa upande mmoja, kama daktari anayesikiliza kifua, kisha anatamka tatizo. Mimi nilikuwa mtu wa kumshikia tochi. Sasa nilikuwa nakwenda kununua injini na sijui hata niulize nini.

Duka la kwanza lilikuwa kubwa, lina vioo na feni. Kijana muuzaji alinipokea vizuri. Akaniuliza kama ni ya nyumbani au ya mahali pa ujenzi. Nikasema ya nyumbani.

"Mko wangapi nyumbani, mama?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Alitaka kujua taa ni ngapi, televisheni, pasi. 

"Tupo wa kutosha," nikasema.

Akanionyesha jenereta kubwa yenye magurudumu na ufunguo wa kuwashia kama gari. Nikajaribu kuisukuma. Kwenye sakafu ya vigae ilikwenda, lakini nilifikiria ngazi mbili za baraza langu na ule mchanga wa nyuma.

"Nani ataibeba?" nikauliza.

"Vijana wako si wapo?"

Nikamshukuru, nikatoka.

Katika duka la pili, mjini, mtu mmoja alinionyesha kijijenereta kidogo ambacho ningeweza kukibeba kama kikapu cha sokoni. Nikakipenda papo hapo. Aliposikia lafudhi yangu akajitahidi kunisemesha Kiswahili: "Mama, hii jeneleta nguvu sana. Inabeba nyumba yote!" Nikamuuliza kama itabeba friza. Akasema itabeba. Nikamuuliza kama itabeba friza mbili. Akasema itabeba. Nikaona kwamba hata ningemwuliza kama itabeba kiwanda cha saruji angeitikia vivyo hivyo, nikaenda zangu.

Lile la tatu sikulitafuta. Nilikuwa nimetoka kununua vitunguu soko la Nakawa, napita safu ya maduka ya vyuma nyuma yake, nikasikia mwanamume anaongea na simu kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha Kongo ya mashariki, kile kinachopanda na kushuka kama mtu anayeimba kidogo. Nikasimama mlangoni na vitunguu vyangu mpaka akamaliza. Ndani kulikuwa na pampu za maji, mashine za kusaga, na jenereta zimepangwa kama mbuzi zizini.

"Karibu, mama. Unatafuta nini?"

"Natafuta jenereta itakayoweza kuendesha friza," nikasema, "ambayo mtu mmoja anaweza kuihudumia."

Akacheka, si kwa kunidharau. "Mama, unasemaka Kiswahili ya kitabu!"

"Nilikifundisha."

"Basi kaa. Kaa kwanza."

Akanipa kiti cha plastiki. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Akaniambia nisianze na jenereta, nianze na friza. Nyuma ya friza kuna kibati kinachoeleza inakula wati ngapi. Lakini hizo ni wati za friza ikiwa imetulia. Pale inapoanza kuvuta, kwa sekunde chache inataka umeme mara mbili, mara tatu, hata zaidi, na hapo ndipo jenereta ndogo inapokufa. "Kama mutu anayelala chini," akasema. "Kulala haihitaji nguvu. Kuamuka ndiyo kazi."

Nilirudi nyumbani, nikaivuta friza kutoka ukutani, nikapiga picha kile kibati kwa simu. Kesho yake nikampelekea. Akafanya hesabu kichwani, akazitenga jenereta zisizofaa, zikabaki za aina tatu.

Ningeweza kumaliza kuuliza siku ileile. Sikumaliza. Niliuliza jambo moja kuhusu oili, nikaenda zangu. Baada ya siku chache nikarudi kuuliza kama waya wa ndani ni wa shaba au wa alumini, kwa kuwa mtu alikuwa ameniambia wa alumini huungua upesi. Nikarudi tena kuuliza petroli inakaa muda gani tankini bila kuharibika. Kila mara alinipa kiti kile. Kila mara kulikuwa na chai ya tangawizi kwenye chupa, na kikombe cha pili ambacho mwanzoni kilikuwa na vumbi, baadaye kikawa kimeoshwa.

Hakunisukuma ninunue. Labda naye hakuwa na haraka. Mke wake na watoto walikuwa wamebaki Bukavu. Alikuwa anakwenda na kurudi mpaka vita vilipofunga njia. Siku nyingine simu yao ilipatikana, siku nyingine haikupatikana. Aliniambia hayo akiwa anafuta tangi la jenereta ambalo halikuwa na uchafu.

"Na wewe, mama, watu wako?"

"Mtoto yuko Dubai," nikasema. Hakuuliza zaidi. Tukazungumza mambo mengine: kwamba Wakongo husema "kisu" na sisi tunasema "kisu," lakini yeye jiko huliita "mbabula," na mimi sikuwahi kulisikia neno hilo. Tulicheka. Nikiwa njiani kurudi nyumbani siku ile, nilitambua kuwa taya zangu zilikuwa zimechoka, uchovu wa mtu aliyezungumza sana, na nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho zilipochoka hivyo.

Kati ya zile aina tatu, moja ilikuwa ya kufunikwa, haipigi kelele, inaunguruma kama paka. Ndiyo niliyoitaka. Lakini ile ya ukubwa wa kuweza kuamsha friza yangu ilikuwa ghali kuliko uwezo wangu, na iliyokuwa katika uwezo wangu ingekufa friza inapoamka. Ya pili ilikuwa nzito. Ikabaki ya tatu: ya wastani, iliyowekwa ndani ya fremu ya chuma tupu bila kifuniko, yenye kelele lakini yenye nguvu. Niliishika kwa mikono miwili, nikaiinua, nikatembea nayo kutoka ukuta mmoja wa duka hadi mwingine. Mgongo ulilalamika lakini ulikubali.

"Sasa uiwashe," akasema.

Nilivuta kamba. Haikuwaka. Nikavuta tena kwa hasira, kamba ikanichapa vidole. Nikamtazama, nikitegemea aichukue kamba. Hakuichukua. Akaweka mikono nyuma.

"Weka muguu hapa, kwenye chuma. Sawa. Vuta polepole mupaka uisikie inakukatalia. Hapo. Rudisha kidogo. Sasa uvute kama unamunyanganya mutu kitu chako."

Nikavuta. Ikawaka, duka zima likatetemeka, na watu wa duka la jirani wakachungulia. Nilicheka kwa sauti, mwanamke mzima mwenye mvi, na yeye akapiga makofi. Alipoizima, masikio yakiwa bado yanavuma, akasema, "Hii utaiweza peke yako."

Sikuwa nimemwambia kwamba naishi peke yangu.

Aliponifungia mashine kwenye bodaboda, alirudia maonyo yake kama mzazi anayempeleka mtoto bweni. Nisichomeke waya wa jenereta kwenye soketi ya ukuta, umeme utarudi hadi nyaya za mtaani nami nitamuua fundi aliye juu ya nguzo. Nisitie petroli ikiwa bado moto. "Na haiingii nyumba, mama. Hata jikoni, hata kidogo. Moshi yake iko na kitu ndani hakina harufu. Inakulalisha tu."

Nikamwambia nimesikia. Na nilikuwa nimesikia.

Wiki ile umeme ulikatika mchana. Niliiweka jenereta kwenye baraza la nyuma, nikaweka mguu kwenye chuma, nikavuta kama ninayemnyang'anya mtu. Friza ikaguna, ikasitasita, ikaamka. Nilisimama nikiitazama. Nilitaka kumwambia mtu, nikatazama huku na huku, nikaishia kuwaambia samaki.

Haikuchukua muda kabla ya mlango kugongwa. Alikuwa jirani wa ghorofa ya juu yangu, mwanamke wa umri wa binti ambaye ningeweza kumzaa, kichwa amekifunga kitambaa cha kulalia. Tulikuwa tukisalimiana kwenye ngazi na basi. Nilijua tu kwamba anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya usiku.

Alipiga goti kidogo kunisalimu, kama wanavyofanya Waganda waliolelewa vizuri, kisha akaongea kwa Kiganda, akiniita nnyabo, yaani mama, akijizuia kukasirika.

"Nnyabo, mimi hulala mchana. Sina saa nyingine ya kulala. Hiyo mashine iko chini ya kitanda changu kabisa."

"Samahani, mwanangu. Ni samaki."

"Mwambie mzee wako, tafadhali, aisogeze. Au aizime ikishagandisha."

Nilifungua kinywa kumwambia hakuna mzee. Lakini alikuwa amesema "mzee wako" kwa urahisi kabisa, kama anayesema jua limechomoza, na kwa kitambo kidogo nyumba yangu nyuma ya mgongo wangu ikawa na mtu ndani yake, amekaa, anasoma gazeti, anangoja kuambiwa.

"Nitamwambia," nikasema.

Alipanda ngazi. Nikafunga mlango, nikakaa nao huo uongo mdogo jioni nzima, wala haukuniuma. Niliona kama umenipashia joto chumba.

Nilijaribu kumfaa yule binti. Nikiwasha, nilikuwa nawasha kwa vipindi, friza ikishashika baridi nazima. Nikaegemeza godoro kuukuu la mtoto baina ya jenereta na ukuta. Kelele haikupungua kwa maana yoyote. Alipokuwa akinipita kwenye ngazi, macho yalikuwa mekundu, na salamu yake ilianza kuwa fupi.

Kisha ikaja mvua. Ilikuwa alasiri, umeme ulikatika na ngurumo ya kwanza, na asubuhi ile nilikuwa nimetoka Ggaba na samaki wengi kuliko kawaida kwa sababu mteja mmoja alikuwa na sherehe. Mvua ilipiga baraza kwa ubavu, ikaifikia jenereta. Maji na umeme nilijua havipatani. Nikaibeba, nikaiweka karibu na kizingiti cha mlango wa nje wa jikoni, ndani kidogo tu, ekzosi ikitazama nje, nikaiwasha. Mlango wa nje nikauacha wazi kabisa. Mlango kati ya jikoni na sebule nikaurudisha. Nilijiambia hii si ndani, ni mlangoni. Na kelele, nikajiambia, itamfikia binti wa juu kidogo tu.

Nikaenda sebuleni kumngoja mteja wa sherehe. Mlango wa mbele sikuufunga kwa komeo, ili asinigongee sana kwenye mvua. Redio ya betri ilikuwa inasoma habari kwa Kiswahili. Harufu ya moshi niliisikia, lakini nilikuwa nimeshaizoea, ilikuwa kwenye nguo zangu hata siku ambazo sikuiwasha. Kichwa kikaanza kuniuma. Nikadhani ni njaa, kwa kuwa sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nikasema nitainuka nikachemshe chai. Nakumbuka niliwaza hivyo mara nyingi, nitainuka, nitainuka, na miguu ikawa mbali, kama miguu ya mtu mwingine.

Baadaye nilielewa kwamba upepo ulikuwa umegeuka na kuusukuma mlango wa nje ukafungika, na kwamba waya uliokwenda kwenye friza, sebuleni, ulikuwa umeuzuia ule mlango wa kati usizibe vizuri.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni mvua usoni. Nilikuwa nimelazwa kwenye nyasi mbele ya fleti, gauni limenipanda magotini, na mikono ya mtu ilikuwa kwapani mwangu. Yule binti wa juu alikuwa ameinama, kitambaa cha kulalia kimemwanguka, ananipiga mashavu.

"Nnyabo! Nnyabo! Mzee yuko wapi? Mzee yuko chumba gani?"

Alikuwa ameshuka kunigombeza. Alinieleza hivyo mwenyewe, bila kuficha: mngurumo ulikuwa umebadilika, ulikuwa unapanda kupitia sakafu, na alishuka akiwa ameshapanga maneno yote makali. Aligonga, hakujibiwa, akasukuma mlango.

"Mzee yuko wapi?"

Nilitaka kumjibu. Kiganda changu chote, lugha niliyoitumia sokoni na barabarani maisha yangu yote, kilikuwa kimenitoka kichwani. Kilichotoka kinywani ni Kiswahili.

"Hayupo," nikasema. "Hayupo, hayupo."

Hakuelewa. Aliona tu kwamba natikisa kichwa na nalia. Akainuka, akavuta hewa kama mtu anayetaka kupiga mbizi, akarudi ndani mbio.

Sijawahi kuogopa vile. Niliogopa kuliko nilivyoogopa pale hospitalini na mume wangu, kwa sababu pale nilikuwa najua kinachokuja. Nilijaribu kutambaa kwenda mlangoni. Mkono ulikwenda, goti likakataa. Nikatapika. Ndani nilisikia madirisha yakifunguliwa kwa nguvu, sahani zikianguka, kisha injini ikakoma ghafla, na katika ukimya ule nikasikia redio yangu bado inazungumza, na sauti ya binti akiita, "Ssebo! Ssebo!" Bwana, bwana. Akifungua milango. Akimtafuta mume wangu.

Alitoka akiwa anakohoa, amejishika fremu ya mlango.

"Simwoni! Nimetazama bafuni, nimetazama chini ya kitanda. Simwoni!"

Hapo Kiganda kikanirudia, neno moja.

"Alikufa," nikamwambia.

Akaweka mikono kichwani. "Wapi? Nimepita kila mahali! Sasa hivi?"

"Zamani, mwanangu. Alikufa zamani. Miaka imepita."

Alinitazama. Maji yalikuwa yanamtiririka puani na kidevuni. Alikaa chini kwenye nyasi, kando yangu, kama mtu aliyekatwa miguu. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimemrudisha kwenye ule moshi kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, na tulijua sote wawili.

"Lakini nimekuwa nikimsikia," akasema mwishowe. "Kila jioni, kabla sijaenda kazini. Anaongea, wewe unajibu. Ile lugha ya askari. Nikawa nafikiri ni mzee mkali, ndiyo maana hatoki."

"Ni redio."

"Na wewe?"

"Mimi huwa naijibu."

Wakati huo mteja wa sherehe alifika na gari, akatukuta tumekaa kwenye mvua kama watoto waliofukuzwa. Yeye ndiye aliyetupeleka kliniki. Walinivisha kifuniko cha oksijeni usoni, wakanipima, wakaniambia nilale. Binti naye wakampa oksijeni kidogo, kisha akakaa kwenye benchi kando ya kitanda changu na nguo zake zimelowa. Alikuwa hajalala siku ile na zamu yake ilikuwa inakaribia. Nilimwambia aende akabadili nguo. Akasema atakwenda nikishaacha kutetemeka. Hatukuzungumza tena juu ya mume wangu. Aliniuliza tu kama yule sato mkubwa aliyekuwa juu ya meza ya jikoni nilikuwa nimemtia chumvi, maana atakuwa ameharibika. Nikamwambia bado. Akasema pole.

Mwanangu alipiga simu siku ya mapumziko yake. Aliniuliza kwa Kiingereza kama mashine inafanya kazi. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba inafanya kazi sana. Akasema, "Good, Mama." Sikumweleza mengine. Angefanya nini akiwa kule juu ya lile jengo, zaidi ya kukosa usingizi?

Nilipopata nguvu nilikwenda nyuma ya soko la Nakawa. Nilitaka kumwambia yule Mkongo yaliyonipata, hata kama angenikemea. Nadhani nilitaka kukemewa kwa Kiswahili. Duka lilikuwa wazi, lakini aliyekuwa ndani alikuwa kijana mwingine, anapanga pampu kwenye rafu. Nikamuuliza kwa Kiganda. Akasema yule amepata habari kwamba watu wake wamevuka mpaka, wako kambini upande wa Burundi, akamwachia mwenye duka funguo na kuondoka siku ileile. Atarudi? Hakusema. Ameacha namba? Ile ya zamani haipatikani.

"Ulikuwa unataka nini, mama? Naweza kukusaidia."

Nilifurahi kwa ajili yake, na nataka niandike hilo waziwazi, kwamba nilifurahi. Nikanunua chupa ya oili ili nisionekane nimekuja bure. Nilipofika kituoni nilijikuta nimeishika kifuani kwa mikono yote miwili.

Jenereta sikuiuza, ingawa watu walinishauri. Samaki ndiyo maisha yangu, na umeme bado unakatika. Mwangalizi wa fleti alinikubalia nijenge kibanda mwisho wa uwanja, kando ya senyenge: nguzo nne na bati juu, bila ukuta hata mmoja. Binti wa juu alishuka siku ya mapumziko yake tukaibeba pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, na ilikuwa nyepesi mpaka nikashangaa. Nilinunua waya mrefu mnene unaofika hadi friza. Kutoka huko mngurumo unafika kwake kama wa lori linalopita barabara kuu. Anasema analala. Wakati mwingine naona macho yake bado mekundu, lakini hasemi.

Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Yeye ni kijana, ana kanisa lake, ana mchumba anayekuja Jumapili na pikipiki. Nikimpa samaki anakataa mara mbili na kupokea mara ya tatu. Lakini jioni anapokwenda zamu, akifika mlangoni kwangu hugonga kwa kucha bila kusimama sana. Amejifunza neno moja la lugha yangu, sijui kwa nani.

"Mama, uko?"

"Nipo," najibu.

Basi, anakwenda. Siku nyingine amechelewa, au yuko kwenye simu, anasahau kugonga. Nasikia viatu vyake vikishuka ngazi, vikipita mlangoni, vikienda. Najibu vilevile.